Kupima G6PD kabla ya primakwini: mwongozo kamili kwa zahanati za Mtwara na Lindi

Kuna swali kuhusu kaseti ya kupimia G6PD linalorudi mara kwa mara kutoka zahanati zetu, kuanzia Tandahimba mpaka Kilwa: "Nimesubiri dakika 10, kidirisha kimebaki vilevile, hakuna rangi. Huyu yuko salama? Nimwanzishie primakwini?"

Hayuko salama. Kidirisha kilichobaki vilevile kinakwambia kuwa damu ya mgonjwa ina upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na dawa ya malaria ya primakwini, ikimezwa kwa siku 14, inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu kwa kasi ya kumfikisha kwenye kuongezewa damu.

Kosa hili linaeleweka. Macho yetu yamezoea mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ambako mstari wa pili usipotokea tunashukuru. Kaseti ya G6PD inasomwa kinyume: rangi ikitokea ndiyo heri, isipotokea ndiyo hatari. Anayeisoma kwa mazoea ya mRDT anampa dawa mtu asiyestahili na kumnyima anayestahili.

Mwongozo huu unahusu kaseti ya rangi, aina ya CareStart G6PD, kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi. Mashine ndogo inayotoa namba nimeigusa kuelekea mwisho. Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi lako ina neno la mwisho. Ikitofautiana na nilichoandika hapa, fuata karatasi.

## Nani apimwe, na nani asicheleweshwe

Sehemu kubwa kabisa ya malaria ya huku kusini ni falsiparamu. Mgonjwa huyo anapewa dawa mseto ya ALu, na malaria ikiwa kali anachomwa artesunati. Dawa hizo hazisubiri kipimo cha G6PD. Mtoto mwenye degedege asiwekwe kwenye benchi eti tunatafuta kaseti.

Hata dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ambayo hutolewa ili mbu asichukue vimelea kutoka kwa mgonjwa, haihitaji kipimo hiki. Hayo ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Mtu wa kilo 60 anameza miligramu 15 mara moja, basi.

Kipimo kinahitajika pale unapotaka kuua vimelea vilivyolala kwenye ini, yaani vivaksi na ovale, ambavyo huamka baada ya wiki au miezi na kumrudishia mtu homa. Ovale ipo nchini. Vivaksi ni adimu kwetu, lakini Mtwara ni mji wa bandari, na watu wanakwenda na kurudi India au Ethiopia, ambako vivaksi ni ugonjwa wa kawaida. Tiba ya ini ni primakwini ya kila siku, kwa siku 7 au 14 kulingana na dozi. Yule yule wa kilo 60 akimeza miligramu 15 kila siku kwa siku 14 amefikisha 210. Mzigo huo ndio unaomvunja mwenye upungufu.

Usiwachome kidole bure wale ambao hawatapewa primakwini hata kipimo kikiwa kizuri: mjamzito, mtoto wa chini ya miezi 6, na mama anayemnyonyesha mtoto wa umri huo.

Wanaotibiwa ukoma nao wawe kichwani mwako, maana dapsoni iliyomo kwenye dawa zao inaweza kuvunja chembe za mwenye upungufu huu huu.

## Vifaa: viweke mezani vyote kabla ya kumwita mgonjwa

- Kaseti ya G6PD ndani ya pakiti yake, haijafunguliwa, tarehe haijapita
- Chupa ya bafa, yaani maji maalumu ya kipimo, iliyokuja na boksi hilo hilo
- Kichukulio cha damu cha mikrolita 2 kilichomo kwenye boksi
- Lanseti, pamba ya spiriti na pamba kavu
- Glovu
- Kipimajoto cha chumba
- Saa yenye kengele; ya simu inatosha
- Kalamu ya wino usiofutika
- Kipimo cha wingi wa damu, Hb
- Sefti boksi na ndoo ya taka hatarishi
- Daftari la maabara na kadi ya mgonjwa

Usichanganye bafa ya mRDT na ya G6PD. Chupa zinafanana, na zikikaa kwenye trei moja kuna siku zitabadilishana. Bandika plasta kwenye chupa ya G6PD na uandike jina lake kwa herufi kubwa.

## Hatua ya 1: Pima joto la chumba

Wengi wanairuka hatua hii, na huku kwetu ndiyo inayoharibu majibu mengi. Kaseti ya CareStart imetengenezwa ifanye kazi kati ya nyuzi 18 na 32. Mwezi Novemba au Desemba, chumba cha bati kisicho na dari, Lindi mjini au Mikindani, kinaweza kupita nyuzi 32 kabla ya adhuhuri. Kimeng'enya na kemikali za kaseti havifanyi kazi tena kama ilivyopangwa, na rangi unayoiona haina maana.

Panga vipimo vya G6PD asubuhi. Chagua chumba chenye kivuli na hewa. Kipimajoto kikionyesha zaidi ya nyuzi 32, usipime. Tiba ya ini si ya dharura: mgonjwa ameshaanza dawa ya kuua vimelea vya kwenye damu, anaweza kurudi kesho saa mbili asubuhi. Walio juu ya uwanda wa Makonde, kama Newala, wana nafuu ya hali ya hewa, lakini nao wapime joto badala ya kukisia.

Stoo nayo iangaliwe. Kaseti hutunzwa kati ya nyuzi 4 na 30. Boksi lililoshinda kwenye buti la gari au juu ya kabati chini ya bati si la kuaminiwa hata kama tarehe yake bado. Kama kaseti zilikuwa mahali pa baridi, zipe muda zifikie joto la chumba ndipo ufungue pakiti, zisije zikatoa jasho ndani.

Ukifanya sawa: joto limeandikwa kwenye daftari, kando ya jina la mgonjwa.

## Hatua ya 2: Muulize mgonjwa mambo matatu

*Umeongezewa damu miezi mitatu iliyopita?* Kama ndiyo, utapima damu ya aliyemchangia. Chembe nyekundu huishi mpaka siku 120 hivi. Ahirisha.

*Umewahi kukojoa mkojo mweusi au kuwa na macho ya njano baada ya kumeza dawa?* Kama hali hiyo imemtokea siku chache tu zilizopita, kipimo kinaweza kudanganya. Chembe zee, zenye kimeng'enya kidogo, zimeshavunjika. Zilizobaki ni changa, nazo zina kimeng'enya zaidi. Rangi itatoka nzuri wakati mwenyewe ni mpungufu. Huyu asipewe primakwini kwa jibu la leo.

*Kuna ndugu wa upande wa mama aliyewahi kupatwa na hali hiyo?* Upungufu huu hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, na aliitoa kwa mama yake. Baba hampi mwanawe wa kiume, ila binti zake wote wanaibeba. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa kiume habari unayoitaka iko kwa mama, kwa kaka zake wa tumbo moja, na kwa mjomba. Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu zamani wanahesabu ukoo kwa mama, na mzee wa upande huo mara nyingi anajua nani aliugua nini. Muulize mgonjwa, "Mjomba wako mzima?" na umwachie nafasi aeleze.

Kisha pima Hb na uiandike. Bila Hb ya leo, siku ya tatu hutajua kama damu imeshuka.

## Hatua ya 3: Fungua pakiti na uandike kaseti

Tazama kifuko kidogo cha kukaushia unyevu kilichomo ndani. Kimebadilika rangi au pakiti ina tundu? Tupa, chukua nyingine. Andika jina au namba ya mgonjwa na saa juu ya kaseti yenyewe, si kwenye pakiti.

Fungua pakiti mgonjwa akiwa ameshakaa mbele yako. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kaseti iliyoachwa wazi huku ukihudumia watu wengine inaanza kuharibika kimyakimya.

## Hatua ya 4: Toa damu mikrolita 2, isizidi

Futa pembeni ya ncha ya kidole cha pete kwa spiriti, kisha subiri ikauke. Spiriti ikichanganyika na damu inaua kimeng'enya, na mtu mzima kabisa anaonekana mpungufu. Choma, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, tumia la pili. Usikamue kidole kwa nguvu. Maji ya mwilini yataifanya damu kuwa nyepesi.

Mikrolita 2 ni kidogo mno, ni kama kichwa cha pini. Kichukulio cha mRDT kinabeba mikrolita 5, yaani zaidi ya mara mbili. Anayetumia hicho kwa sababu "vichukulio vimeisha" anajaza kidirisha wekundu unaofunika kila kitu, na wekundu mzito mbele ya macho yaliyochoka unasomeka kama zambarau. Hapo ndipo mpungufu anapoandikiwa kuwa ni wa kawaida. Kichukulio sahihi kama hakipo, kipimo hakipo.

Gusisha kichukulio kwenye tone, damu ipande yenyewe mpaka kwenye alama bila mapovu. Iguse kwenye kishimo cha damu na uhakikishe imeingia yote.

Ukifanya sawa: doa dogo jekundu katikati ya kishimo, halijamwagika pembeni.

## Hatua ya 5: Bafa matone 2, chupa wima

Shika chupa wima kabisa juu ya kishimo cha bafa, usiilaze. Chupa ikilala tone linakuwa dogo, na yakiwa madogo damu haisafiri. Dondosha matone 2. Si 3 "kwa usalama".

Papo hapo bonyeza saa: dakika 10. Andika saa uliyodondosha na saa ya kusoma. Kukumbuka kichwani hakufai siku ya kliniki ya watoto, pale nesi mmoja anapopima, anapochanja na anapogawa dawa.

Weka kaseti mahali tambarare. Feni isiipulize, jua lisiipige.

Ukifanya sawa: ndani ya dakika ya kwanza unaona umajimaji unatembea kwenye kidirisha, na wekundu unaanza kusafika.

## Hatua ya 6: Soma kwenye dakika ya 10

Damu inapokuwa na kimeng'enya cha kutosha, kimeng'enya hicho kinatengeneza kemikali iitwayo NADPH, na hiyo inaigeuza kemikali isiyo na rangi iliyomo kwenye kaseti kuwa zambarau. Kimeng'enya kikikosekana, kemikali inabaki bila rangi. Ukilielewa hili hutahitaji kukariri majibu.

Soma kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha. Tochi ya simu ina mwanga wa buluu unaodanganya zambarau hafifu.

Zambarau inayoonekana wazi: G6PD ya kawaida.

Hakuna zambarau: upungufu. Asipewe primakwini ya kila siku.

Zambarau ya kuhisihisi, ile inayokufanya umwite mwenzako aje aangalie: ihesabu kuwa ni upungufu. Ukimhesabu mzima kuwa mpungufu, atakosa dawa kwa muda na atapimwa tena hospitali. Ukimhesabu mpungufu kuwa mzima, unaweza kumuua. Makosa hayo mawili hayalingani hata kidogo, kwa hiyo usione haya kuegemea upande wa tahadhari.

Kidirisha kimejaa damu, au bafa haikutembea: kipimo kimeharibika. Rudia kwa kaseti mpya na damu mpya.

Kusoma kwenye dakika ya 4 kwa sababu foleni ni ndefu kunamnyima mzima rangi yake, kwa kuwa bado haijakomaa. Kaseti uliyoisahau ukairudia baada ya nusu saa nayo usiisome. Damu ikikauka hutoa weusi usioeleweka.

Jambo jingine: kwenye kaseti hii usitafute mstari wa kudhibiti kama ule wa mRDT. Kidirisha cheupe chaweza kuwa cha mgonjwa mpungufu, na chaweza kuwa cha kaseti iliyokufa kwa joto. Dawa ya hilo ni rahisi: kila ukifungua boksi jipya, na kila baada ya siku za joto kali, pima kwanza damu ya mtumishi ambaye G6PD yake inajulikana ni ya kawaida, na awe mwanamume. Zambarau isipotoka kwake, boksi lote weka kando na utoe taarifa kwa mratibu wa malaria wa halmashauri.

## Hatua ya 7: Andika neno, usiandike alama

Usiandike "chanya" wala "hasi". Usiandike kujumlisha wala kutoa. Mganga atakayepokea karatasi ataisoma kama mRDT, na kosa ulilolikwepa kwa dakika 10 litarudi kwa sekunde moja. Andika hivi:

*G6PD: KAWAIDA, zambarau imeonekana.*

au

*G6PD: PUNGUFU, hakuna zambarau. ASIPEWE primakwini ya kila siku.*

Ongeza joto la chumba, saa ya kusoma, namba ya toleo la kaseti na Hb.

## Jibu la mwanamke lisomwe kwa uangalifu zaidi

Kwa mwanamume mambo ni mawili: ana upungufu au hana. Mwanamke ana X mbili. Moja ikiwa na hitilafu, baadhi ya chembe zake zinakuwa nzima na nyingine pungufu, na kimeng'enya chake kwa jumla huweza kuangukia katikati, kati ya asilimia 30 na 70 ya kiwango cha kawaida. Kaseti ya rangi imetengenezwa kuwanasa walio chini ya asilimia 30 tu. Huyu wa katikati anatoa zambarau nzuri, anaandikiwa KAWAIDA, na bado dozi kubwa inaweza kumshusha damu.

Kwa hiyo mwanamke mwenye jibu la kawaida anaruhusiwa kuanza primakwini ya siku 14, lakini anarudi siku ya 3 na siku ya 7 kupima Hb. Usimwachie aende shamba mpaka palizi iishe. Na tafenokwini, dawa ya dozi moja inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa jibu la kaseti ya rangi haitolewi kwa mtu yeyote. Ikishamezwa huwezi kuisimamisha. Hiyo inataka asilimia 70 au zaidi, na namba hiyo inatoka kwenye mashine.

## Kama kituo kina mashine ya namba

Mashine ya STANDARD G6PD ya SD Biosensor inatumia mikrolita 10 za damu, inatoa jibu kwa dakika 2, na inastahimili mpaka nyuzi 40, jambo linaloifaa sana pwani yetu. Chipu ya namba lazima ilingane na toleo la vipimo. Mashine ikae mezani bila kusogezwa mpaka imalize. Inakupa G6PD na Hb kwa pamoja.

Kiwango cha 4.0 au chini ni upungufu. Kati ya 4.1 na 6.0 ni wa katikati. Zaidi ya 6.0 ni kawaida. Hb ikiwa chini ya 7, usiitumie namba ya G6PD. Shughulikia kwanza upungufu wa damu.

## Jibu limetoka: mwambie nini mgonjwa

Kwa mwenye upungufu, maneno yanaweza kuwa haya: "Mama, damu yako haina tatizo la leo. Umezaliwa hivyo, na wengi wamezaliwa hivyo. Dawa mseto unaendelea nayo mpaka iishe. Ila kuna dawa moja, primakwini, usiimeze kila siku, na ukienda hospitali yoyote waonyeshe kadi hii kwanza."

Wengi watauliza kuhusu chakula, kwa kuwa wamesikia habari za maharage yanayovunja damu. Hayo ni bakla, maharage mapana ya nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati. Mbaazi, kunde na choroko za hapa siyo hayo, na mtu asiache kula mboga yake.

Mpungufu mwenye vivaksi au ovale hajakosa tiba kabisa. Ipo primakwini ya mara moja kwa wiki kwa wiki 8, miligramu 0.75 kwa kilo, lakini hiyo itolewe chini ya uangalizi wa daktari, mahali penye uwezo wa kuongeza damu. Mpe rufaa kwenda Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ile iliyo karibu naye. Usiianzishe zahanati.

Anayeanza dozi ya kila siku aambiwe dalili kwa lugha ya wazi: mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea au mweusi, macho ya njano, moyo kwenda mbio, kuishiwa pumzi kwa kutembea kidogo, viganja kuwa vyeupe. Mara nyingi huanza siku ya 2 au ya 3. Msimu wa korosho watu wanashinda juani na mkojo wao unakuwa mzito. Mwambie anywe maji mengi, ukisafika baada ya saa chache ni kiu. Usiposafika, au ukiwa na dalili nyingine kati ya hizo, aache dawa papo hapo na aje, hata kama ni usiku.

Anywe dawa baada ya kula, kwenye tumbo tupu inaumiza.

## Kadi

Jibu la G6PD halibadiliki maishani, kwa hiyo lisiishie kwenye daftari lako. Mwandikie kadi ngumu yenye jina, tarehe, aina ya kipimo, jibu kwa neno, na majina ya dawa mbili: primakwini ya kila siku, dapsoni. Ifunike kwa nailoni. Mtoto, ibane ndani ya kadi yake ya kliniki. Mwenye upungufu, waite kaka zake wa tumbo moja na dada zake wapimwe siku watakapopata nafasi, asubuhi, kabla bati halijashika moto.